Kibano Kilichotolewa Sadaka

(Majina ya watu na ya kijiji katika barua hii yamebadilishwa.)

Mama Walburga, shikamoo. Sijui umri wako, lakini mtu anayesikiliza matatizo ya watu wote hawa kila wiki atakuwa amenizidi, kwa hiyo pokea shikamoo yangu kwanza halafu unisaidie, maana nimekwama na sina wa kumwuliza hapa bila habari kufika kanisani kabla mimi sijafika nyumbani. Safu yako naisoma kwenye magazeti ya zamani ambayo mume wangu huyachukua Kitai ya kufungia usipa, dagaa wa huku kwetu, anaoutoa ziwani, huwa nayanyoosha na kuyasoma kabla hajayachana, na ndivyo nilivyojua kwamba unawajibu hata watu wa shamba.

Mimi naitwa Edina, nimezaliwa Kitura na nimeolewa Mapera, naishi na mama mkwe wangu, mama Hildegardi, ambaye ni mjane, na mume wangu Pankras, ila yeye tangu biashara ifunguliwe, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku na malori yao kufuata kahawa ameacha kibarua cha ghala la ushirika na kuwa mfanyabiashara, leo yuko Mbamba Bay kesho yuko Kitai, kwa hiyo mara nyingi nyumbani tuko mama, mimi na binti yangu Glorious ambaye bado hajaanza shule.

Mama ameugua macho miaka mingi. Kope zake za juu zilijikunja zikaelekea ndani, na nywele za kope zikawa zinasugua jicho kila akipepesa, yeye husema ni kama kuishi na mchanga usiotoka. Tangu nimeolewa kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kumng'oa nywele hizo, tunakaa mlangoni penye mwanga, analaza kichwa mapajani kwangu, nami nang'oa mmoja mmoja kwa kibano cha chuma alichoachiwa na mama yake mzazi, ambaye naye alikuwa na macho hayohayo. Mwanzoni niliona aibu sana, mke wa mtu kumshika mkwe wake kichwa kama mtoto, akaniambia, “Mwanangu, hiyo aibu kaiweke jikoni, wewe ng'oa.” Nikang'oa, na kwa kweli hapo ndipo tulipoanza kupendana.

Mwaka juzi timu ya macho ikaja kwenye zahanati ya misheni. Wakampasua kope zote mbili, wakaugeuza ukingo urudi nje, wakashona, wakamfunga bandeji. Nyuzi zilipotolewa mama alikaa uani akawa anapepesa tu, anapepesa na kutulia, anapepesa na kutulia, kama mtu anayejaribu viatu vipya, kisha akasema, “Edina, hakinichomi kitu.” Nililia mimi kabla yake. Jicho la kulia lilikuwa limeshachelewa, kioo chake kina kovu jeupe na daktari alimwambia mapema kwamba kuona kwake hakutarudi, na kope la jicho hilo limebaki na pengo dogo katikati, kama ukingo wa ungo uliotafunwa na panya, lakini halimuumi na hilo pengo wala halijali. La kushoto ndilo linaloona. Kwa jicho hilo alirudi kwenye kazi yake anayoipenda ya kuchambua kahawa, kutoa punje nyeusi na zilizovunjika, na hakuna mtu nyumbani aliyemfikia kwa kazi hiyo.

Sasa hapa ndipo tulipoharibu, kama kweli tuliharibu. Mama akaamua kutoa shukrani kanisani. Jumuiya yetu nzima ikamsindikiza kwa nyimbo, maharage kwenye kapu, jogoo kwapani, na alipofika mbele ya altare akafungua upindo wa kanga akatoa kile kibano akakiweka juu ya maharage. Akasema kwa sauti, na padri akiwa amesimama pale, “Hiki nilikuwa nakitumia kwa shida yangu, leo nakirudisha kwa Mungu, sitakihitaji tena mpaka kufa kwangu.” Kanisa lililipuka vigelegele, Mama Walburga, mpaka wanaume walipiga. Padri akakiweka kibano miguuni pa sanamu ya Bikira Maria na mpaka leo kiko pale, mtunza kanisa anakipangusa vumbi. Na wanawake wengi waliokuwa wanaogopa kisu wakasema kama Hildegardi amepona basi na sisi tutakwenda timu ikirudi.

Mwaka huu, wakati tunalima ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, nikaona mama anafuta jicho la kushoto kwa bega akiwa ameshika jembe. Nikaendelea kulima. Akafuta tena. Baada ya siku kadhaa akaniita nyuma ya nyumba, akaniambia, “Hebu tazama, kuna kitu kinanikwaruza.” Nikatazama, ni nywele, si nyingi kama zamani, lakini zipo na zimelala juu ya kioo cha jicho. Nikajaribu kwa kucha zikateleza. Kibano kiko kanisani. Basi nikakata kipande cha kopo la maziwa nikakikunja, ndicho ninachotumia, nakificha ghalani katikati ya magunzi, na namng'oa kule nyuma penye kivuli cha migomba asije akatuona mtu, na kwa sababu ya giza la pale na ubovu wa bati lenyewe mara nyingi unywele hautoki, unakatika.

Nimemwambia, “Mama, turudi kwa wale madaktari.” Akanijibu, “Nirudi na uso gani? Shukrani nimeshatoa. Nikienda kulalamika si ni sawa na kwenda altareni kudai jogoo wangu?” Nikasema hata padri ataelewa. Akasema, “Ukifungua mdomo, Edina, umenifanya mwongo mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya, na mimi na wewe basi.” Pankras aliporudi kutoka ziwani nikamweleza, naye akasema mama ni mtu mzima anajua anachotaka, nisimwaibishe mama yake, akalala.

Wakati huohuo jicho linakwenda. Kahawa anayochambua sasa imejaa punje nyeusi, akienda kupumzika mimi narudia kuichambua upya kimyakimya ili asijue. Na juzi mwanga wa jua ulipompiga usoni niliona kama wingu dogo jeupe pembeni ya kioo, pale ambapo nywele zinagusa, na ndivyo lile jicho jingine lilivyoanza, nakumbuka.

Timu inarudi kahawa ikishaisha kuchumwa. Jirani yetu Luisa, ambaye kope zake zimeharibika vibaya na ana watoto wadogo, alinikuta kisimani akanishika mkono, akasema, “Edina, niambie wewe unayekaa naye nyumba moja. Mama Hildegardi hajarudiwa?” Nikamwambia, “Hajarudiwa.” Akasema, “Basi na mimi nakwenda,” akanishukuru, akanitwika ndoo yangu. Nilipanda mlima ule nikiwa najichukia.

Mimi mwenyewe nimechoka. Glorious anashinda na bibi yake, bibi anampangusa tongotongo kwa kanga ileile anayojifutia, wanaimbiana, wanacheka, ukiwaona utadhani nyumba hii haina neno. Jicho langu nalo linanikwaruza siku hizi, nadhani ni moshi maana mvua za mwaka huu zimetuachia kuni mbichi tupu, na wiki iliyopita Glorious alinitoa unywele jichoni, nafikiri ulikuwa wa mama, uliruka nilipokuwa namng'oa. Ana mkono mwepesi yule mtoto, hata sikusikia. Mama akacheka akasema, “Huyu ndiye atakayekuja kutung'oa sote.”

Naomba uniambie, nimtii mama mkwe wangu ninyamaze, au niseme nimwaibishe? Na nikisema, wale wanawake wakaghairi kwenda kwa sababu yangu, dhambi hiyo ni ya nani?

Mimi Edina,
Mapera, Mbinga

* * *

Edina, marahaba. Umri wangu umeukisia vizuri.

Mambo ya wakwe nayajua kidogo, ya kope siyajui, kwa hiyo kabla ya kukujibu barua yako nilimpelekea muuguzi wa macho aisome, naye ni mtu aliyewafunga na kuwafungua bandeji wengi wa aina ya mama Hildegardi. Nitakayokuambia kuhusu jicho ni ya kwake. Makali ni ya kwangu.

Umeniuliza habari ya aibu na dhambi kwa kirefu, na jicho lenyewe umelitaja katikati, kama kitu cha kupita. Tuanze nalo. Mama mkwe wako ana jicho moja tu linaloona, na hilo ndilo linalosuguliwa, na umeshaona wingu. Hilo wingu halingojei ninyi mmalizane na jumuiya. Likifika katikati ya kioo hakuna upasuaji wa kope utakaoliondoa, kama vile upasuaji haukuliondoa kovu la jicho la kulia. Mlishaambiwa hivyo mwaka juzi na mkaelewa.

Upasuaji ule hautengenezi macho mapya. Unageuza ukingo wa kope ili nywele ziache kukwaruza, basi. Kwa wengi kazi hiyo inadumu. Kope likibaki na pengo, kama la kulia, lakini halichomi, hayo ni matokeo ya kushukuru. Na kwa wengine, miezi au mwaka na kitu baadaye, kope linajikunja tena na nywele zinarudi, kwa sababu ugonjwa ulishaacha makovu upande wa ndani na makovu yanaendelea kuvuta. Daktari anaweza asiwe amekosea popote. Mgonjwa hakukosa imani. Linatokea, na likitokea kope linaweza kupasuliwa tena. Muuguzi aliniambia kila timu ikirudi mahali inawakuta waliorudiwa na inawatarajia. Siku mtakapofika watakaoshangaa ni ninyi tu.

Sasa nikugombeze. Unywele unaokatikia njiani unabaki kisiki, kifupi na kigumu, na kisiki kinachimba kuliko unywele mrefu. Wewe unazalisha visiki hivyo kwa kipande cha kopo la maziwa, gizani, nyuma ya migomba, kwenye jicho pekee la mama wa watu. Najua unafanya kwa upendo, na nakuonea huruma kwa huo upendo, lakini acha. Hata kahawa ile unayoirudia kuichambua kwa siri, acha. Unaona ni heshima, kumbe unamficha mwenye jicho habari za jicho lake. Mwachie sinia lake na punje zake nyeusi. Kisha mkae wawili mchana, mlangoni penye mwanga, si nyuma ya nyumba, mwonyeshe ulichokuwa unakitoa.

Najua atakuambia habari ya jogoo. Mkwe wako ana mdomo, nimempenda. Mwambie hivi, na umwambie ni mimi nimesema. Shukrani aliitoa kwa alichopata, na alichopata ni kweli alikipata. Alilala na kuamka bila mchanga machoni kwa zaidi ya mwaka. Nani anayemdai? Kwenu huko mtu akivuna vizuri anapeleka mahindi altareni, na mwaka unaofuata nguruwe pori wakimaliza shamba anarudi kanisani kuomba, na sijasikia hata siku moja katekista akimwita mwongo kwa ajili ya mahindi ya mwaka jana.

Na lile neno lake mbele ya padri, nimelisoma vizuri kwenye barua yako, huenda kuliko ninyi mliokuwepo. Hakusema kwamba hataugua tena. Alisema hatakihitaji tena kibano. Basi asikihitaji. Kinachomvunjia neno lake ni kile kibati kilichofichwa kwenye magunzi. Akienda kupasuliwa tena ameshika alichosema, na kibano chake kitaendelea kukaa pale kilipo, mtunza kanisa akikipangusa.

Luisa ulimdanganya, na utarudi kwake. Usitume mtu. Mwambie mama alipona, jicho moja limerudiwa, na anakwenda tena. Mwambie pia kwamba asiende akitegemea kurudishiwa kuona kulikokwisha kupotea, aende ili maumivu yakome na kilichobaki kibaki. Anaweza kughairi, siwezi kukuahidi vingine. Akighairi ameghairi akijua, na hiyo ni haki yake. Lakini fikiria angekwenda kwa neno lako, halafu nywele zikamrudia, halafu akagundua kwamba ulijua. Huyo asingerudi kwa daktari maisha yake yote, wala watoto wake. Umeuliza dhambi hiyo ingekuwa ya nani, na nadhani ulijua jibu ulipokuwa unapanda mlima na ile ndoo.

Ingekuwa vizuri zaidi mama Hildegardi aseme mwenyewe kwenye jumuiya, kwa kinywa kilekile kilichotoa shukrani. Wanawake waliomwona akipigiwa vigelegele wakimwona anarudi kwenye kile kitanda cha upasuaji kwa miguu yake, bila kuburutwa, watajifunza kuliko kwa mahubiri yangu na ya wauguzi wote. Pankras naye aliyekukataza usimwaibishe mama yake, mwambie nimempangia kazi. Siku ya timu usipa ungoje, abaki nyumbani apike, na bandeji zikishafungwa amshike mama yake mkono kumtoa zahanati mpaka nyumbani, mchana, njia kuu, watu wote wakiona.

Jambo moja utanikasirikia. Majina nimebadilisha, kijiji nimebadilisha, lakini kibano sikuweza kukibadilisha, kwa sababu bila hicho barua yako haipo. Mtu yeyote wa parokia yenu akiusoma ukurasa huu atajua ni nani. Nilifikiri kuiacha barua yako kwenye droo, nikaona jicho lingekwisha humo humo kwenye droo. Gazeti hili hufika Kitai likiwa limechelewa, na likitoka hapo linapanda kwenu limefunga usipa. Muda huo ndio ulio nao wa kumwambia mama mkwe wako kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na kifurushi cha samaki. Mwombe radhi kwa kuniandikia. Atanuna, kisha atalaza kichwa mapajani kwako kama zamani.

Nimalizie na yale ambayo hukuniuliza. Kila mtu hapo nyumbani awe na kitambaa chake cha uso, na Glorious anawishwe kwa maji kila asubuhi, asipanguswe kwa kanga ya bibi. Ugonjwa huu hupita kwenye upindo wa kanga na kwenye vidole, kutoka kwa tunaowapenda. Tongotongo zake mwonyeshe muuguzi siku hiyohiyo ya timu, dawa ya kupaka ipo na kwa umri wake kila kitu bado kinazuilika.

Halafu wewe. Umeandika mistari miwili juu ya jicho lako ukaita moshi, na muuguzi alipofika hapo aliweka kidole juu ya karatasi na kunisomea tena mistari hiyo. Mama yake Hildegardi alikuwa na kibano. Hildegardi akakirithi. Wewe umekata cha kwako kwenye kopo, na mtoto ambaye hajaanza shule anasifiwa nyumbani kwa kuwa na mkono mwepesi. Edina, ule unywele aliokutoa Glorious haukuwa wa mama mkwe wako.

Mkifika zahanati na kuelekezwa pa kukaa, usikae upande wa wasindikizaji.

Mama Walburga